Amani Iliyokuja Zamu ya Usiku

Mhadhara wa majira ya Majilio, Kericho

Humu ndani naona watu wa Africa Gospel, wa AIC, Wakatoliki, Waanglikana, Waadventista waliovuka kutoka upande wa Nyamira, na wazee wangu ambao kwenda kanisani si kawaida yao.

Nitaanza na kalenda. Tangu siasa za vyama vingi zirudi, Kenya ilipiga kura tarehe 29 Desemba 1992, kisha 29 Desemba 1997, kisha 27 Desemba 2002, kisha 27 Desemba 2007. Mara nne mfululizo kura iliangukia kati ya Krismasi na mwaka mpya. Kila mwaka wa tano, basi, ibada ya Krismasi ndiyo iliyokuwa kusanyiko kubwa la mwisho kabla ya watu kwenda vituoni, na wanasiasa walilijua hilo kuliko wahubiri. Mnakumbuka ilivyokuwa. Mheshimiwa anafika ibada ikiwa imeshaanza ili aonekane akiingia. Anapewa kiti cha mbele, karibu na hori lililopambwa kwa matawi mabichi. Baada ya mahubiri anaitwa asalimie watu tu, salamu zinageuka hotuba, na hotuba inatueleza nani ni wetu na nani ni mgeni. Kisha kwaya inasimama na kuimba amani duniani.

Krismasi ya 2007 ilikuwa Jumanne. Alhamisi tukapiga kura. Jumapili jioni, tarehe 30, matokeo ya urais yakatangazwa, na mara moshi ukaanza kupanda. Katika mashamba makubwa ya chai yaliyouzunguka mji huu, kambi za wafanyakazi zilivamiwa. Wakisii na Wakikuyu waliokuwa wamechuna majani bega kwa bega na Wakipsigis kwa miaka mingi walikimbia na watoto mgongoni, wakalala katika viwanja vya polisi na vya makanisa. Chepilat, soko lililo mpakani mwa Sotik na Borabu, maduka yaliteketea. Tarehe 31 Januari 2008 mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, akapigwa risasi kule Eldoret akafa, na Kericho ikawaka upya. Tume ya Jaji Waki ilikuja kuhesabu vifo 1,133 nchini kote.

Na kule Kiambaa, nje ya mji wa Eldoret, tarehe mosi Januari 2008, watu waliokuwa wamekimbilia kanisani walichomwa humo ndani, wengi wao wanawake na watoto. Wakatoliki na Waanglikana huadhimisha tarehe 28 Desemba kama siku ya Watoto Mashahidi, wale wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Mwaka ule siku hiyo ilipita kura zikihesabiwa. Sidhani kuna mhubiri aliyekuwa na nafasi ya kuiwaza. Siku nne baadaye tulikuwa na watoto mashahidi wetu, hapa hapa Bonde la Ufa, ndani ya jengo lenye msalaba, wakati mapambo ya Krismasi hayajaondolewa katika makanisa yetu mengine.

Februari 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, liliwaomba Wakenya radhi. Viongozi wake walikiri kwamba walikuwa wamegawanyika kwa kabila na kwa chama, na kwamba sauti yao haikuweza kuzuia maafa kwa sababu walikuwa wameshachagua upande. Nimelirudia tamko lile mara nyingi, na nawashukuru kwa kulitoa. Lakini limeniachia swali ambalo ndilo limenileta mbele yenu leo: ile amani tuliyoiimba Jumanne ilikwenda wapi kufikia Jumapili?

Jibu langu ni kwamba haikuwa amani ya Krismasi tuliyoimba. Tuliimba amani ya mambo kutunyookea. Wetu akishinda, tutakuwa na amani. Bonasi ikipanda, tutakuwa na amani. Mpaka ukikaa tunavyotaka sisi, tutakuwa na amani. Amani ya namna hiyo humalizika siku mambo yanapokataa kunyooka, na mambo yana tabia ya kukataa. Amani iliyotangazwa Bethlehemu ilitangazwa wakati hakuna hata kitu kimoja kilichonyooka, na hapo ndipo nguvu yake ilipo.

Tumwendee Luka. Habari yake ya kuzaliwa kwa Yesu haianzi na malaika. Inaanza na serikali. Kaisari Augusto ametoa amri watu wahesabiwe, na kuhesabiwa kwa zama zile maana yake ilikuwa kodi. Mama mjamzito anasafirishwa, chumba hakuna, mtoto analazwa wanyama wanapolia chakula. Huyu Augusto naye alijulikana kwa amani. Kule Roma kuna madhabahu ya mawe meupe iliyowekwa wakfu mwaka wa 9 kabla ya Kristo, Madhabahu ya Amani, iliyojengwa kwa heshima yake, na wageni wanaitazama hadi leo. Ilikuwa amani ya kweli kwa kiasi chake: barabara zilikuwa salama, maharamia walipungua. Ila ilisimama juu ya majeshi, na aliyeipinga alitundikwa msalabani. Luka ameziweka amani hizi mbili katika sura moja, ya Kaisari na ya mtoto, akamwachia msomaji achague.

Watu wa nchi hii ya chai hawahitaji kuelezwa sana amani ya Kaisari. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza lilitumwa Sotik. Watu wengi wakauawa na ng'ombe wakatekwa kwa maelfu, na hilo likaandikwa katika vitabu vya serikali kuwa ni kuleta utulivu. Mwaka huo huo wa 1905 mmisionari Mmarekani Willis Hotchkiss alianzisha misheni yake Lumbwa, eneo ambalo kituo chake cha reli leo kinaitwa Kipkelion. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ardhi ya Kericho ikagawiwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Kilimo hicho kikawashinda. Katikati ya miaka ya 1920 zikaja Brooke Bond na James Finlay, na chai ikaanza kupandwa kwa maelfu ya ekari. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, mamia ya watu, ukahamishwa kwa nguvu ya sheria iliyotungwa kwa ajili yao peke yao, ukapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, kwenye joto na mbung'o. Wajukuu wao wanadai haki mpaka leo, na mwaka 2022 walifikisha malalamiko yao katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Wazee wangu, najua swali mlilo nalo, kwa sababu mmoja wenu aliniuliza usoni. Unawezaje kupata amani katika dini iliyopanda mlima huu kwa njia moja na bunduki na kamba ya kupimia ardhi? Nisingependa kulikwepa. Wako wamisionari waliofumba macho, na wako waliobariki yaliyofanyika. Kanisa linadaiwa hapo, na deni halifutwi kwa wimbo. Ila tuangalie mtoto mwenyewe alizaliwa upande gani wa daftari. Alizaliwa upande wa waliohesabiwa. Kabla hajajua kutembea alikuwa mkimbizi Misri kwa sababu mtawala alitaka kumuua. Angezaliwa Kericho mwaka 1934 angekuwa kwenye msafara wa Gwassi. Angezaliwa Desemba 2007 mama yake angekuwa amejifunika blanketi katika uwanja wa polisi. Mtu aliyenyang'anywa anaweza kumwamini huyu bila kumwamini aliyemleta Biblia mkononi.

Sasa nifike pale ninapopapenda zaidi. Habari ile ilipotoka mbinguni, waliopewa kwanza walikuwa wachungaji waliokuwa makondeni wakilinda mifugo kwa zamu usiku. Nataka tuwatazame kwa macho ya watu wa huku, na macho hayo yako kiwandani.

Mnajua mkesha wa Krismasi unavyokuwa kwenye kiwanda cha chai. Majani yakishachunwa hayasubiri sikukuu. Yaliyokatwa asubuhi ya tarehe 24 yanafika jioni kwa lori, kutoka kituo hadi kituo, yakiwa bado na umande wa Mau. Yanapimwa, yanamwagwa kwenye vitanda virefu vya wavu, feni zinapuliza hewa chini yake saa nyingi, kumi na mbili na zaidi, mpaka jani linalegea na ukilikunja halivunjiki. Hapo ndipo linapopita kwenye roli zenye meno zinazolikata na kulisaga. Kisha linaachwa lichachuke kwa saa moja na ushee, likigeuka kutoka kijani hadi rangi ya shaba, na harufu yake inajaza ukumbi mzima. Ukichelewa hapo chai imeharibika. Ukiwahi, haina nguvu. Upande wa nyuma, mtu wa boila anasukuma magogo ya mkaratusi kwenye moto ili kikaushio kisipoe. Saa nane za usiku, baridi ya Kericho ikiwa imeshika bati, mtu yule ametokwa na jasho mbele na mgongo wake ni barafu.

Huyo hawezi kwenda kwenye mkesha. Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu pale mjini, lile lililofunguliwa mwaka 2015, lina nafasi ya watu wapatao 1,500, na usiku wa Krismasi hujaa mpaka nje. Ni jengo zuri, na nafurahi kwamba mji wetu unalo. Mtu wa boila hayumo ndani yake. Hayumo hata katika kanisa dogo la mabati la kule kambini. Yuko zamuni, na moyoni anaona ameikosa Krismasi. Mimi nasema, kwa Luka mwenyewe, kwamba ndiye aliye karibu nayo kuliko sisi wote. Malaika hawakwenda hekaluni Yerusalemu, ingawa makuhani walikuwa macho. Walikwenda kwa watu ambao kazi yao ilikuwa imewazuia kufika kwenye ibada, wakawakuta na nguo za kazi, wakawapa habari pale pale walipokuwa. Baada ya kumwona mtoto walirudi kondeni. Mshahara haukuongezeka, Kaisari hakuondoka madarakani, usiku ulibaki na baridi yake. Luka anasema walirudi wakimsifu Mungu. Kitu gani kilikuwa kimebadilika? Walikuwa wamejua kwamba Mungu yuko upande wao wa ukuta, na mtu akilijua hilo anaacha kuogopa.

Naomba mlishike neno hilo la hofu, kwa sababu katika habari za kuzaliwa kwa Yesu malaika hufika akiondoa hofu. Kwa Zakaria, kwa Mariamu, kwa Yusufu, kwa wachungaji. Vita vyetu vya 1992 na vya 2008 vilianzia kwenye hofu: kwamba wale wakishika serikali tutafukuzwa, na kwamba hawa wakibaki hapa watatumaliza. Anayeogopa hufika kwanza na kiberiti. Ndiyo maana naamini amani ya Krismasi ina kazi ya kufanya hapa kwetu kabla ya kazi ya wanasiasa: inamwendea mtu mmoja mmoja na kumtoa hofu, na mtu asiye na hofu hatumiki kirahisi.

Twendeni Bomet kidogo, niwaonyeshe mfano wa amani hiyo. Pale Tenwek hospitali ilianza kama zahanati ya wamisionari mwaka 1937, ikakaa zaidi ya miaka ishirini bila daktari, mpaka Ernie Steury alipofika mwaka 1959. Wengi wenu mlizaliwa mikononi mwa watu aliowafundisha. Hospitali ile inajulikana na mabingwa wa mbali kwa ugonjwa mmoja unaotusumbua sana, saratani ya umio, ile tunayoiita saratani ya koo. Eneo letu lina wagonjwa wengi wa saratani hii kuliko sehemu nyingi za dunia, na wengine ni vijana. Sababu zinazotajwa ni kadhaa, na mojawapo inatugusa: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi joto 65, huenda vinasababisha ugonjwa huu. Tafadhalini, mama zangu, acheni chai ipoe kidogo kabla hamjampa mzee.

Mgonjwa anafika akiwa hamezi. Alianza kwa kushindwa kimyet, ule ugali wetu, akafuata uji, mwisho hata mate. Wakati mwingi imeshachelewa kuponya. Madaktari wanapitisha kooni bomba jembamba la waya wa wavu, linapanuka lenyewe ndani na kuifungua njia. Halitibu saratani, linampa mtu kumeza tena kwa muda uliobaki. Nilimtembelea jamaa yangu mmoja katika wodi siku za Krismasi, akiwa amewekewa bomba hilo. Aliletewa kikombe cha chai ya maziwa, vuguvugu. Alikishika kwa mikono miwili akakitazama. Akanywa funda moja, akasubiri, akaona imepita. Akanywa jingine. Kisha akamwomba mhudumu wa kiroho wa wodi asome habari ya wachungaji, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakanyamaza wasikie. Alijua hali yake. Daktari alikuwa amemweleza bila kuficha. Aliniambia amemaliza ugomvi na kila mtu isipokuwa ndugu yake mmoja, na akaniomba nimwite. Ndugu alikuja. Sikuwepo walipozungumza, wala hapakuwa na haja.

Anayetaka kujua amani ya imani ni nini, mimi namwonyesha mtu huyo. Hakuahidiwa kupona. Aliamini kwamba Mungu aliyezaliwa mwilini, akalia, akasikia njaa na kiu, anakijua kikombe kile. Imani hiyo ilimpa nguvu za kumwita nduguye. Wako watakaosema alijifariji tu. Ningewaambia waangalie alichofanya: mtu anayejifariji hujifungia, yeye alifungua mlango.

Kuna jambo la nyumbani ambalo halisemwi kwenye mimbari, nami nitalisema. Bonasi hutoka Oktoba. Nimekulia katika nyumba iliyoisubiri, kwa hiyo najua. Karo inaisubiri, mabati yanaisubiri, jando la wavulana la Desemba linaisubiri, na Krismasi yenyewe tumeipima kwa hiyo: bonasi nzuri, Krismasi nzuri. Viwanda vya upande wetu wa magharibi mwa Bonde la Ufa kwa kawaida vimekuwa vikilipa chini sana ya vile vya kule Mlima Kenya, na hasira ya wakulima naiona kuwa ya haki. Lakini ndani ya boma kuna shida nyingine. Namba ya mkulima iko kwa jina la baba. Baba alifariki zamani. Wana watatu wanachuna mistari yao, kilo zote zinaingia kwenye namba moja, na pesa zinaingia kwenye akaunti ya mmoja. Oktoba inafika, mkubwa anagawa, wadogo wanasema ameiba, yeye anasema kuna makato. Hawasemezani mpaka Desemba. Tarehe 25 wote wako nyumbani, aliyetoka Nairobi, aliyetoka Nakuru, wavulana wametoka jandoni, mbuzi amechinjwa, mursik, maziwa yetu ya kuganda, imetolewa kwenye kibuyu cha sotet, na wanakaa kwenye viti vya plastiki wakiwa wametazama pande tofauti. Mama analia jikoni na kusema ni moshi.

Najua boma moja ambako kaka mkubwa, baada ya ibada, alileta risiti za malipo za mwaka mzima akaziweka mezani kati ya sahani. Kilo za kila mwezi, makato ya mbolea, makato ya mkopo ambao, ikaonekana, ni yeye aliyeuchukua bila kuwaambia wenzake. Alisema hivyo kwa mdomo wake. Palizuka kelele, na mmoja akatoka nje akakaa kwenye ua mpaka giza likaingia. Lakini alirudi. Januari walikwenda pamoja kiwandani kuuliza utaratibu wa kila mmoja kuwa na namba yake. Nilipomuuliza kaka mkubwa kwa nini alichagua siku ile, alinijibu kwamba mhubiri alikuwa amesema Yesu alikuja kama nuru, naye alikuwa amechoka kukaa gizani na makaratasi yake.

Amani ile ilianza na kelele, na nawaomba msiiogope kelele ya namna hiyo. Kuna watu wanaoitaka Krismasi itumike kunyamazisha. Mchuna chai aliyepoteza kazi kwa sababu ya mashine anaambiwa awe na amani. Mkulima anayeuliza hesabu za kiwanda anaambiwa awe na amani. Mei 2023 watu walichoma mashine za kuchunia chai hapa Kericho na mtu akapoteza maisha. Sitatetea moto, maana moto haujawahi kuturudishia kazi wala mtu. Lakini kumtuliza mtu bila kumsikiliza ni amani ya Augusto iliyovikwa kanzu ya mchungaji. Mariamu, kabla hajajifungua, alisema mbele ya Elisabeti habari za wenye enzi kushushwa na wenye njaa kushibishwa. Mama wa Krismasi hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Kanisa linalotaka kumheshimu lisome hesabu za kiwanda pamoja na waumini wake, likae nao kwenye mkutano wa wakulima, na liwaambie pia vijana kwamba kiberiti kibaki mfukoni.

Sasa turudi kwenye kura. Katiba ya 2010 iliuondoa uchaguzi Desemba ikaupeleka Agosti, Jumanne ya pili, kila mwaka wa tano. Kwangu mimi hiyo ni mojawapo ya zawadi kubwa ambazo Krismasi yetu imepata, ingawa walioiandika walikuwa na sababu nyingine. Lakini mheshimiwa amejifunza njia mpya. Siku hizi anakuja Krismasi ya mwaka unaotangulia, akiwa na bahasha ya ujenzi wa kanisa. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana aliwazuia wanasiasa kuzungumza kwenye mimbari zake, na maaskofu Wakatoliki nao wakatoa msimamo kama huo. Baadhi ya makanisa yetu ya huku yaliufuata. Mengine yalisubiri kelele zipite, kisha yakaukaribisha mchango. Krismasi ya 2026 ndiyo ya mwisho kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027. Wachungaji wangu, mapadri wangu, wazee wa kanisa, uamuzi ni wenu: siku ile nani atashika maikrofoni? Msisubiri gari lisimame mlangoni ndipo mwanze kushauriana. Kaeni na kamati zenu, andikeni azimio, lisomwe kwa waumini mapema, ili mgeni akifika aketi kama watu wengine na asikilize habari za mtoto.

La pili ninaloomba ni Chepilat. Kwaya za Sotik na kwaya za Borabu ziimbe pamoja pale sokoni, mchana, kabla ya Krismasi. Upande mmoja Kikipsigis, upande wa pili Ekegusii, na Kiswahili pale wote watakapotaka kuimba wimbo mmoja. Walioungua maduka mwaka 2008 waalikwe na wapewe nafasi ya kusema, kama wanataka kusema. Waliochoma, kama wapo na wana ujasiri, wapewe nafasi pia. Najua baadhi yenu mnaona hilo ni gumu. Mtu mmoja aliniambia hawezi kusimama karibu na aliyemchomea nyumba kisha wakaimba. Nilimjibu kwamba hahitaji kuimba siku ya kwanza. Aje asimame tu, na akitaka kuondoka aondoke, hakuna atakayemlaumu. Wachungaji wa Bethlehemu walikwenda kwanza, wakaona, ndipo wakawa na la kusema.

Kwaya zilizo tayari ziandikishe majina kwa katibu aliyeketi pale mlangoni, pamoja na namba ya simu ya kiongozi na idadi ya watu, ili tujue magari mangapi yanahitajika. Watu wa zamu za viwandani wanaotaka kuja wamwambie ni saa ngapi wanatoka kazini, nasi tutapanga saa ya kuanza kwa kuwafuata wao.